Walinijazia premium bila kuniuliza, na kinachoniuma ni kwamba gari liliipenda

Nianze na risiti, maana ndiyo iliyonitoa roho. Lita thelathini na moja na nukta kadhaa, premium. Sikuomba premium. Nilishusha kioo, nikasema "fulu tangi," nikarudi kwenye simu, mamangu alikuwa ananiuliza kama nimepita sokoni kumchukulia nazi. Nilipoinua kichwa, kijana wa pampu keshafunga kifuniko na kiganja kiko wazi kinangoja pesa.

Kwa wasiojua mambo ya huku kwetu Mombasa: bei ya super, yaani petroli ya kawaida, hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, na kituo hakina ruhusa ya kuipita. Premium, ile ya bei ya juu, haimo kwenye tangazo hilo, kila kampuni hujipangia yake. Ndiyo maana vijana wa pampu wana mapenzi nayo kiasi hicho. Tofauti ya lita moja unaweza kuimeza na mate. Ya lita thelathini na moja ni kilo ya nguru, tena na ndimu zake.

Nikamuuliza, "Kaka, nani amekwambia unitilie premium?"

"Madam, hukusema super."

Hukusema super! Yaani mtu akiagiza chai akaletewa na biriani, kosa ni lake kwa kutosema mapema kwamba biriani haitaki.

Akaja msimamizi wake, shati limenyooka pasi, kalamu mbili mfukoni. Nikajiambia alhamdulillahi, nimempata mtu mzima. Hakunitazama mimi. Alilitazama gari, akalizunguka taratibu, akainama kuangalia zile ekzosi mbili za nyuma, akacheka kwa puani. "Madam, ukinunua gari la mashindano usilie kama mwenye tuktuk."

Vijana wa bodaboda waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mmoja akapiga na honi.

Mimi ni mwalimu. Nimezoea kuchekwa na watoto, hiyo imo kwenye kazi. Kuchekwa na mtu mzima ambaye mshahara wake umetoka kwenye pochi yangu dakika hiyohiyo ni jambo jingine. Nikalipa, kwa sababu petroli ikishaingia haitapikwi, nikaondoka nimefura kama andazi. Usiku huohuo nikaandika maoni marefu, nyota moja, nikiwaonya watu wasikanyage pale. Ningeyatuma kama si bando kuniishia, na leo ningekuwa na aibu. Au nusu aibu. Endeleeni kusoma.

Gari lenyewe ni Suzuki Swift Sport, la gia za mkono, manjano ya kuumiza macho, wanafunzi wangu wanaliita Embe. Kabla yake nilikuwa na Vitz miaka sita, nikachoka kupitwa na matatu. Hili liliingia nchini likiwa karibu kufikisha miaka minane, yaani pale mlango wa magari ya mtumba unapofungwa, na aliyeniuzia aliniapia, "Ni Swift tu kama zingine, linakunywa super." Swift za kawaida zimejaa mji mzima. Ningekuwa na sababu gani ya kumbishia?

Lakini tangu wiki ya kwanza kulikuwa na sauti. Si kila wakati. Ukitoka Miritini ukaanza kupanda kwenda Mazeras, jua la saa nane, uko nyuma ya trela, kiyoyozi kinafanya kazi, watoto watatu nyuma wanagombania chaja, gia ya nne, ukikanyaga mafuta ili upite: tikitikitikiti. Kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo la bati. Ukiachia pedali, kimya. Ukikanyaga tena, misumari.

Nilienda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alinibadilishia plagi zote. Wa pili akasafisha nozeli, akanidai pesa ya "kompyuta" ambayo sikuiona, na nilipomwambia misumari bado ipo akanijibu kwamba hiyo ni sauti ya spoti, niizoee. Nikaizoea, walahi. Binadamu anazoea hata jirani mwenye spika.

Basi wikendi baada ya kile kisa cha risiti tulikuwa na harusi Voi. Njia ileile, jua lilelile, trela kama mbili hivi mbele yangu. Nimefika juu ya Mazeras ndipo nikagundua nimesubiri kitu ambacho hakikuja. Nikazima kiyoyozi. Watoto wakalalamika. Nikashusha vioo vyote, nikarudi gia ya nne makusudi, nikakanyaga. Hakuna misumari. Gari linavuta kimya, kama lililopakwa mafuta ya nazi.

Nilikasirika. Nasema kweli, sikufurahi hata chembe. Nilikuwa nimebeba hasira yangu safi siku tano, nimeipanga maneno, halafu gari langu mwenyewe linamtetea yule mtu wa kalamu mbili.

Voi, nyuma ya hema, huku wenzangu wanapakuliwa pilau, nilifungua kile kidirisha cha tangi na kwa mara ya kwanza tangu nilinunue nikakitazama kwa ndani. Kuna lebo. Nusu imebanduka, iliyobaki ni maandishi ya Kijapani mekundu. Mwanangu akaielekezea simu, ikatafsiri: petroli isiyo na risasi, premium. Wajapani huiita haioku. Ilikuwa imeandikwa pale muda wote, na kila kijana wa pampu aliyenihudumia alikuwa akiiangalia huku akinitilia super. Wangejuaje, ni Kijapani. Lakini aliyeniuzia gari alijua, au alipaswa kujua. Huyo naye nina maneno naye, siku nyingine.

Fundi wangu wa tatu, wa Magongo, mzee mmoja asiye na kompyuta wala haraka, ndiye aliyenifungua macho. Alisema watu wanadhani oktani ni nguvu. "Si nguvu, mwalimu. Ni subira." Petroli na hewa vikishaingia kwenye silinda, pistoni hupanda ikavikandamiza, na vikikandamizwa hupata moto. Kazi ya plagi ni kuwasha kwa wakati wake. Petroli yenye oktani ndogo haina subira: sehemu yake hujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na ule mshtuko ndio unaogonga. Ndiyo misumari yangu hiyo. Gari la kawaida halikandamizi sana kwa hivyo haijalishi. Hili la kwangu linakandamiza kama mara kumi na moja, na huko Japani walilipigia hesabu ya mafuta mazuri.

Nikamuuliza mbona basi halijafa miezi yote hiyo. Akagonga ubavu wa injini kwa kucha. Kuna sensa pale, kazi yake ni kusikiliza tu. Ikisikia mgongano humwambia kompyuta acheleweshe cheche kidogo. Gari linapoa hasira, linapoteza nguvu, linakula mafuta zaidi, lakini linapona. "Ila ukishasikia wewe kwa sikio lako," akaniambia, "ujue sensa imejitetea mpaka imechoka."

Kisha akanipa namba, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Japani regular yao ni oktani 89 kwenda juu, haioku ni 96 kwenda juu. Super yetu sisi, 93. Yaani imesimama katikati kama abiria wa ngazi ya matatu, si ndani si nje. Vitz yangu ya zamani ilitengenezwa kwa ile regular yao, kwa hivyo super yetu ilikuwa imeshaipita tayari. Jirani yangu anayeitilia Probox yake premium "ili iwe na mbio" anamwaga pesa baharini, na nimemwambia, na ameninunia.

Tena hili jina "super" lenyewe ni la kutuchezea. Marehemu ami yangu alifanya kazi miaka mingi pale kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kile kilichoacha kusafisha 2013. Zamani zake vituoni kulikuwa na regular na super, ukichagua super umechagua kitu. Regular ikaondoka, super ikabaki peke yake, na jina lake kubwa. Leo super ndiyo ya kawaida. Shemeji yangu yuko Maskati, ananicheka: pampu zao zimeandikwa namba, 91 au 95, mtu haulizwi mafumbo. Dubai ndiyo kabisa, super yao ni 98, na 95 wanaiita special. Jina moja, vitu viwili. Nikaenda na kwa Wamarekani mtandaoni, nikaona premium yao imeandikwa 91, nikatamba kwamba super yetu imewashinda. Kumbe wao huchukua wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ya kawaida ni kama 91 au 92 kwa hesabu yetu. Nikanyamaza.

Basi nikajipa moyo nifanye majaribio, tangi la premium, tangi la super, tangi la premium. Sikuandika chochote kwenye daftari, msinidai takwimu. Ninachowaambia ni hiki: asubuhi kutoka Nyali kwenda shuleni, umekwama kwenye Daraja la Nyali gia ya kwanza na ya pili, sikuona tofauti yoyote. Hata kidogo. Kwenye foleni premium ni ubatili mtupu, na nilikaribia kurudi kwenye kauli yangu ya kwanza kwamba tumeibiwa. Halafu nikipanda Mazeras na super, misumari. Na premium, kimya. Ndio hivyo. Ukiniuliza Jumatatu nitakwambia ni wizi, ukiniuliza Jumamosi nitakwambia tia.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike upya, maana hasira za kwanza zilikuwa zimeshapoa.

Juzijuzi nilikuwa na safari tena. Nikasema nitakwenda palepale, nimeze kiburi changu, niwalipe haki yao. Kijana ni yuleyule. Nikamwambia kwa adabu zote, na kwa sauti ili wa nyuma asikie: "Premium, fulu tangi." Akakuna shingo. Imeisha tangu juzi. Nikamwuliza itakuja lini, akageuka kumtafuta bosi wake. Kalamu mbili akatoka kivulini, anatafuna muguka, na naapa hakunikumbuka. Lile gari la manjano alilolizunguka na kulicheka hakulikumbuka pia.

"Tia super tu, madam. Petroli ni petroli. Zote zinatoka Kipevu."

Nilishindwa kusema. Si yeye huyu? Si yeye aliyeniambia mwenye gari la mashindano asilie kama mwenye tuktuk? Siku ya kuuza, premium ni lazima. Siku premium imeisha, petroli ni petroli. Yakhe, hata kinyonga hungoja kidogo kabla ya kubadilika.

Na uchungu zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Super ya kampuni zote huletwa kwa pamoja, inashushwa pale Kipevu, gati la mafuta la bandari yetu, na kupita kwenye bomba moja kwenda bara. Anayekwambia super ya kituo chake ina nguvu kuliko ya jirani anakuchezea. Nusu nyingine ndiyo ya uongo, maana alichoniuzia mara ya kwanza kiliandikwa 95 kwenye pampu, na 95 si 93, na injini yangu inajua. Nyinyi wenye magari ya aina hii msiulize jina, ulizeni namba. Kuna petroli nyingine za bei zinazouzwa kwa sababu ya dawa ya kusafisha injini, oktani ni ileile. Hiyo haitanyamazisha misumari ya mtu.

Sikutia. Nilikuwa na robo tangi, nikaendesha polepole nyuma ya lori la saruji mpaka kituo kingine cha mbele kabisa. Msichana wa pale akafungua kidirisha, akaona utepe mweupe niliobandika juu ya Kijapani, nimeandika kwa kalamu ya ubaoni: PREMIUM 95, ULIZA KWANZA. Akausoma kwa sauti, akacheka, akaniuliza kwanza.

Haya, nyota. Petroli yenyewe nne, tano kama una mlima na sifuri kama una foleni tu. Embe tano, sina la kulisemea. Kijana wa pampu nimemsamehe, alinifaa bila kujua, ingawa ile kilo ya nguru bado naikumbuka kila Ijumaa. Kalamu mbili ningempa sifuri, lakini haikubali, ni lazima uanze na moja. Nimempa hiyo moja, na ni ya shati.