Praima ya mafuta au ya maji kwa ukuta wa mbao uliopauka? Uzoefu wangu

Ukuta wa nje wa mbao za paini ukishakuwa wa kijivu kwa jua na mvua, mimi nanunua praima (rangi ya kwanza, inayokaa chini ya rangi yenyewe) ya mbao ya mafuta, ile ya waridi inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Praima ya maji nimeitumia pia na ina kazi yake, ila si hapo.

Jua huharibu ule ulimbo wa asili unaoshikanisha nyuzi za mbao, nyuzi za juu zikabaki zimelegea. Praima ya maji hukauka ndani ya saa 2 hadi 4, kabla haijazama; nyuzi zikiachia, inabanduka nazo. Ya mafuta inakawia, na huko kukawia ndiko kunakoifanya inywewe na mbao. Lakini hata hiyo haisaidii kitu kama hukupiga msasa, na hapo ndipo watu wanapolaumu kopo bure. Anza na msasa namba 60 au 80 mpaka mbao ing'ae rangi yake, malizia na 100 kwa kufuata nyuzi, futa vumbi, kisha paka mapema. Ukiuacha wiki tatu ukimsubiri fundi, msasa unaurudia. Kama kuna rangi ya zamani sana, lowesha kwanza na uvae barakoa, maana huenda ina madini ya risasi.

Vifundo vya paini vinatoa utomvu, na praima hizi zote mbili haziuzuii vizuri. Vipake shelaki mara mbili, ile wanayotumia mafundi samani. Red oksaidi iishie kwenye vichwa vya misumari. Ni ya chuma, haina faida kwenye mbao. Ukitumia praima ya maji juu ya misumari isiyo ya mabati, madoa ya kutu utayaona kesho yake.

Hesabu: ukuta wa mita 6 kwa 2.5 ni mita za mraba 15, na mbao zikiwa zimepandana ongeza sehemu moja ya kumi. Mbao kavu iliyochoka inakunywa lita 1 kwa mita za mraba 7 hivi, hata kama kopo linasema 10 au 12. Kwa hiyo mkono wa kwanza ni lita 2.4, na galoni ya lita 4 inakuachia ya kurudia sehemu zilizokunywa zaidi. Ikiwa nzito, weka robo lita ya tarpentaini kwa galoni, basi. Petroli, wanayoipenda baadhi ya mafundi, inaruka haraka mno, praima inaganda juu juu, na moto hauko mbali.

Nyanda za juu kama Njombe, Septemba na Oktoba ndiyo miezi yake. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, acha saa tisa. Subiri saa 24, kwenye baridi 48; ukibonyeza kwa ukucha ikabonyea, bado. Rangi ya juu isizidi wiki mbili.

Kasoro za praima ya mafuta ni harufu, brashi kuosha kwa tarpentaini, na ile waridi kuchungulia chini ya rangi nyeupe, kwa hiyo mikono miwili ya juu ni lazima. Pia huwa ngumu kadiri miaka inavyokwenda, na mbao inayotanuka na kunywea huipasua. Ndiyo maana juu yake naweka rangi ya maji ya nje ya akriliki, inayonyumbulika.

Ya maji naiweka mahali rangi ya zamani bado imeshika. Kata alama ya X kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa ghafla. Ikitoka safi, ya maji inatosha. Ikija na vipande, rudi kwenye msasa.

Usisahau vichwa vya mbao zilikokatwa, hasa za chini zinazorukiwa na maji ya mvua. Huko maji huingia kwa kasi kuliko kwingine kote, kwa hiyo paka mara mbili.