Bandeji ya silva nusu, mkasi wa kaunta: uzoefu wangu Mwembe Tayari

Bandeji ya silva, yaani yenye madini ya fedha yanayoua vijidudu, yenyewe ni nzuri, naanza na hilo nisije nikaidhulumu. Kazi yangu ni kufunga vidonda, na kwa kidonda chenye usaha silva imenisaidia sana. Hasira yangu ni ya duka moja la dawa pale Mwembe Tayari, Mombasa.

Juzijuzi niliomba kipande cha sentimita 10 kwa 10, cha mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni. Muuzaji akachana pakiti kwa mikono mitupu, akachukua mkasi uleule anaokatia vidonge, akaigawa katikati. Nusu akaitia kwenye bahasha ya kaki, nusu akairudisha rafuni. Namuuliza, ananijibu: "Mama, nzima huiwezi bei. Chukua hiyo au uache, wenzako wanangoja."

Niliiacha!

Kukata si kosa. Aina nyingi zisizo na gundi hukatwa, lakini kwa mkasi uliotakaswa, kwa glavu, papo hapo unapofunga, na kinachobaki hutupwa. Pakiti ikishafunguliwa, usafi wake umekwisha. Unampelekea mtu vijidudu vipya juu ya vile alivyo navyo, tena mtu wa sukari, ambaye mguu wake huenda hata hauhisi maumivu!

Na hiyo nusu haitoshi. Bandeji ipite ukingo wa kidonda angalau sentimita 1 kila upande, kwa hiyo upana wa sentimita 5 unafunika kidonda kisichozidi 3. Cha mgonjwa wangu kimezidi.

Maelezo hakutoa hata neno. Silva huamka ikipata majimaji ya kidonda, basi kidonda kikavu hakiifai. Osha kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, gramu 9 za chumvi kwa lita 1, na nyama iliyokufa iondolewe na mwenye ujuzi. Usipake vaselini chini yake, inaziba. Kuna aina zinazoloweshwa kabla ya kuwekwa, na hizo hutaka maji safi yaliyotakaswa, kwa sababu chumvi huikamata silva. Siku 7 zinazoandikwa kwenye boksi ni upeo tu: penye maambukizi fungua mapema, na ikilowa hadi nje ibadilishe saa hiyohiyo. Ngozi ikigeuka kijivu kidogo usishtuke, ni rangi ya silva. Wiki 2 zikipita bila nafuu, tiba ifikiriwe upya. Wekundu ukitambaa au homa ikipanda, nenda hospitali ya Makadara siku hiyohiyo, hapo bandeji peke yake haitoshi.

Nilisema bandeji haina lawama. Nusu ya maneno hayo nayafuta. Karatasi ya maelezo ni moja kwa boksi zima, kwa Kiingereza, na huku kwetu watu hununua kimoja kimoja. Mtengenezaji naye alaumiwe. Bandeji naipa nyota 3, duka lile halipati hata moja.

Ukienda kununua, dai pakiti iliyofungwa, soma tarehe ya kuisha, na ukiona mkasi umeinuliwa, ondoka.