Vipande 30 vya mninga kutoka Keko

Binti yangu ana miaka 6 na ana Sindromu ya Down: kromosomu ya 21 anazo tatu badala ya mbili. Misuli yake ni milegevu, na yale matofali ya plastiki ya kubananisha yanamshinda. Akikandamiza hayaingii, yakiingia hayatoki, basi anayatupa. Tuliwahi kumnunulia pia kidude cha betri kinachoimba. Alibonyeza, kikaimba, ikaishia hapo.

Nikaenda Keko kwa mafundi wa samani, hapa Dar, nikamwomba mmoja anikatie vipande 30 kwenye mabaki ya mninga: vya mraba, virefu, na vinne vya duara. "Mama, nisikuchongee hata gari moja?" Nikamwambia hapana, na rangi asipake. Sh 40,000, pamoja na mfuko wa turubai.

Mninga ni mzito. Kipande kikiwekwa sakafuni kinatulia, hata kiwiko kikikigusa. Siku ya nne nikiwa nachambua mchele nikamwona ameweka cha duara juu ya cha mraba. Akakikandamiza kwa vidole viwili, akakizungusha, akakigeuza upesi, halafu akapuliza vidole: "Moto!" Alikuwa anapika chapati! Akanimegea kipande cha hewa, akaniwekea kiganjani. Nikala. Alinitazama mdomoni mpaka nikameza.

Niliwahi kuambiwa na mwalimu kwamba watoto kama wangu huiga tu, kujipikilisha hawajui. Mimi chapati nageuza kwa mwiko, sijawahi kupuliza vidole mbele yake. Yeye aliunguzwa na chuma ambacho hakipo. Watoto wengi huanza michezo hii ya kujifanya wakikaribia miaka miwili. Wangu amechelewa, lakini amefika, na njia ni ile ile.

Kasoro ipo. Kingo kadhaa zilikuwa na vibanzi, nikakesha na msasa. Ukienda, pitisha kidole kila upande kabla hujalipa, na mwambie fundi asipake vanishi kama mtoto bado anatia vitu mdomoni. Vyetu vina sentimita 6. Vidogo sana usikubali, vinakaba.

Nimeshaagiza vya duara vingine kumi. Bibi yake anakuja Jumamosi, na chapati nne hazitoshi.