Kwa nini nilichukua betri ndogo: uzoefu wangu wa mwaka na miezi minne

Nilipokuwa nanunua gari la umeme, rangi na viti nilivimaliza kwa dakika tano. Betri ilinichukua karibu mwezi. Modeli niliyoipenda ilikuwa na chaguo mbili, kWh 51 na kWh 64 (kilowati-saa, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuuhifadhi), na muuzaji alinielekeza kwenye kubwa tangu tuliposalimiana. "Utajuta ukichukua ndogo," aliniambia.

Sikusaini siku ile. Kwa wiki tatu nikawa naandika kila jioni kilomita nilizotembea kwa gari langu la petroli. Siku nyingi hazikufika km 60, na moja tu ilivuka 150.

Kisha nikasoma betri zenyewe zimetengenezwa kwa nini, na hapo hesabu ikageuka. Ile ndogo ni LFP, ya lithiamu, chuma na fosfeti. Kubwa ni NMC, yenye nikeli, manganizi na kobalti. NMC hushauriwa ichajiwe hadi asilimia 80 siku za kawaida na ijazwe yote ukiwa na safari tu, kwa sababu kukaa ikiwa imejaa kunaizeesha mapema. LFP unaijaza hadi 100. Sasa piga hesabu: asilimia 80 ya 64 ni 51. Yaani asubuhi za kawaida, betri zote mbili zingeniamkia na umeme uleule! Muuzaji hakuligusia hilo hata mara moja.

Nikachukua ndogo. Mjini gari linakula kWh 15 hadi 16 kwa km 100, hivyo likijaa natembea km 300 na ushee. Nachaji nyumbani usiku, mara mbili kwa wiki.

Safari ndefu ndiko inakobana, sifichi. Kwa mwendo wa km 120 kwa saa linakula kWh 21 kwa km 100. Tena njiani hujazi yote, maana chaji ya haraka hupungua kasi sana ikipita asilimia 80. Unaishi kati ya 10 na 80. Kwangu hiyo ni km 170 kabla ya kusimama tena. Kubwa ingenipa kama 210. Ningekuwa mtu wa barabara kuu kila wiki, ningeilipia bila kusita.

Kilichonishtua ni kipimo cha chaji. Volti ya LFP haibadiliki sana mpaka inapokaribia kujaa au kuisha, kwa hiyo kompyuta ya gari hupata tabu kukadiria kilichobaki. Niliwahi kukaa mwezi mzima nachaji hadi 80 tu, nikidhani naitunza. Siku moja kipimo kikashuka kutoka asilimia 24 hadi 15 ndani ya kilomita chache, na mikono ikanitetemeka kwenye usukani. Tangu hapo naijaza kabisa angalau mara moja kwa wiki, kama kitabu cha gari kinavyosema, na halijajirudia. Baridi kali nayo huifanya ipokee chaji polepole mpaka ipate joto.

Dhamana yangu ni miaka 8 au km 160,000, uwezo usishuke chini ya asilimia 70. Itake kwa maandishi. Uliza pia kama kWh unazotajiwa ni za betri nzima au ni zile unazoweza kuzitumia. Kwenye gari jingine nililolijaribu, tofauti ilikuwa kWh 4.