Uzoefu wangu: wiki nane za yoga kwa Kiswahili, Upanga

Nimemaliza wiki nane za darasa la yoga linalofundishwa ghorofani huko Upanga, Dar es Salaam, mara mbili kwa wiki kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa shilingi 200,000 kwa vipindi vyote 16. Ninaandika kwa ajili ya walimu wenzangu, ambao husimama mbele ya ubao tangu asubuhi na usiku wakayainamia madaftari ya wanafunzi hadi shingo ikakakamaa, na hasa kwa wale waliowahi kujaribu yoga wakaiacha, kwa kuwa na mimi nilikuwa mmoja wao.

Darasa langu la kwanza, miaka miwili iliyopita na mahali pengine, lilikuwa la kuhesabiwa na kuamrishwa. Aliyetufundisha alitoa mkao baada ya mkao nasi tukamwiga, na siku ya tatu alinisukuma mgongo kwa mikono miwili ili viganja vyangu vifike sakafuni. Msuli wa nyuma ya paja ulivutika, nikachechemea wiki tatu, na nikatoka pale nikiamini kwamba mwili wangu haufai kwa mambo hayo.

Mwalimu wa sasa hufundisha kwa kuuliza. Kipindi cha kwanza alituweka karibu dakika ishirini katika mkao wa mlima, ambao kwa macho ya mpita njia ni kusimama tu. "Uzito wako uko wapi?" aliuliza. "Kisiginoni au vidoleni? Mguu upi umebeba zaidi?" Sikuwa na jibu. Nina miaka 46 na sikuwahi kujua kwamba ninaegemea mguu wa kushoto. Nilipofumba macho ndipo nilipousikia ukifanya kazi ya miguu miwili, huku bega la kulia, linalobeba mkoba wa madaftari kila siku, likiwa limepanda kuelekea sikioni. Alieleza kwamba misuli na maungio hupeleka habari kwenye ubongo wakati wote kuhusu mahali kila kiungo kilipo, na kwamba mtu asiyezisikiliza habari hizo ataubeba mkao wake mbaya na kuuingiza katika kila zoezi, hata awe mnyumbufu kiasi gani.

Anafuata njia ya B.K.S. Iyengar (1918–2014), mwalimu wa India aliyekuwa mgonjwa mgonjwa utotoni, na ambaye alijulikana sana kwa kutumia matofali, mikanda na viti ili mwili mgumu au dhaifu nao upate njia ya kuingia katika mkao. Mikono yangu isipofika sakafuni, tofali huwekwa chini ya viganja na kazi inaendelea. Kabla ya kumgusa mtu, mwalimu wetu huomba ruhusa. Mama mmoja mwenzetu amepita miaka sitini, na kila mara nilimsikia mwalimu akianza kwa shikamoo, kisha, "Mama, naomba nikuguse bega." Mama huyo alikuwa akijikaza sana siku za mwanzo, na ninaamini ombi hilo lilimlegeza mabega kuliko mazoezi yenyewe.

Kilichonishika zaidi ni Kiswahili chake. Hakuhitaji nadharia ndefu kutuonyesha kwamba akili na mwili vimeshikana, kwa sababu lugha yetu ilikwisha kuliona jambo hilo zamani. Alituambia tumkumbuke mtu aliye roho juu: mabega yake yako wapi, na pumzi yake inaishia wapi? Kisha tumkumbuke akishusha pumzi habari njema zinapofika. Baada ya hapo tulilala chali, kiganja juu ya tumbo, tukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo pumzi inapotoka, na neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, ndiyo inayohusika. Ukiweka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono unaweza kuhakikisha mwenyewe, kama nilivyofanya. Sasa nikisahihisha insha za kidato cha nne hujikuta nimeyabana meno, na zamani nisingejua. Huiweka kalamu chini, nikashusha pumzi tatu ndefu, nikaendelea. Maumivu ya shingo hayajakwisha, lakini dawa nilizokuwa nikimeza karibu kila Ijumaa nimezihitaji mara moja tu mwezi uliopita. Niongeze kwamba daktari alikuwa amenipima kwanza asione jeraha lolote, na singemshauri mtu aanze bila hatua hiyo.

Tulikuwa kumi, Waislamu na Wakristo, na siku ya kwanza mmoja aliuliza kama hii ni ibada. Mwalimu hakuficha kitu: yoga ilizaliwa India, neno lenyewe ni la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, kama kufunga nira, na Patanjali, mwandishi wa kale wa India, aliieleza kuwa ni kuituliza akili isizungukezunguke. Akasema darasani kwake hakuna kuimba wala kuomba. Mkao wa mwisho, ambao jina lake la asili ni la maiti, alitutajia maana yake kisha akauita "kulala chali", kwa kuwa kati yetu alikuwamo aliyezika karibuni. Uwazi ule ulinifanya nimwamini.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa. Matofali ni sita kwa watu kumi, na kusubiri tofali katikati ya mkao hukata utulivu wote. Darasa huanza kwa wakati, jambo jema, lakini pumzi hufundishwa mwanzoni tu, na foleni ya Barabara ya Morogoro ilininyima mwanzo wa vipindi vinne. Saa kumi na mbili na nusu ingetufaa wengi. Wiki ya saba kulikuwa na kusimama kwa kichwa, ambako kwa maoni yangu ni mapema mno kwa wanaoanza. Aliuliza vizuri nani ana shinikizo la damu au ugonjwa wa macho na kutuondoa, lakini tuliobaki pembeni hatukupewa kazi nyingine kwa robo saa nzima.

Awamu ijayo nimekwisha kuilipia. Nitakwenda na mkeka wangu mwenyewe, kwa kuwa ile ya darasani huteleza mikono ikitoka jasho.