TAHADHARI: "Wakili" anayewinda waliofutwa kazi karibu na mahakama za Milimani

Kama umefutwa kazi, au landilodi amekupa notisi ya kuhama duka, soma hii kabla hujamtumia mtu yeyote shilingi.

Kuna mwanamume anayejiita wakili. Mchana huwa karibu na mahakama za Milimani hapa Nairobi, jioni utampata Indastria Eria watu wakitoka kazini. Ni mtu wa makamo, mpole, faili la kijani kwapani. Binamu yangu alikutana naye baada ya kufutwa kiwandani bila notisi na bila kupewa nafasi ya kujitetea. Jamaa alimsikiliza vizuri, akamhakikishia kesi ni nzito na malipo yatatoka haraka, ila kwanza atume pesa ya kufungua kesi. Pesa ikaenda kwa M-Pesa, kwenye laini ya mtu binafsi. Ikafuata pesa ya hati ya kiapo, kisha pesa ya "kumwona karani", na hiyo si ada ya mahakama yoyote. Akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: kesi itatajwa mwezi ujao, wewe tulia.

Niliomba kuona karatasi. Zilikuwa ukurasa mmoja tu, mhuri wa duara umefifia upande mmoja, na juu imeandikwa Mahakama ya Madai Madogo. Hapo nikashtuka, kwa sababu sheria iliyounda mahakama hiyo mwaka 2016 inaikataza kabisa kugusa migogoro ya ajira. Kazi yake ni mambo kama bidhaa na huduma zisizolipiwa au mali iliyoharibiwa, hadi shilingi 1,000,000, na huko unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi 80,000 kwa mwezi husikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za ajira. Wa juu ya hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tena ukurasa ule haukuwa na jina wala anwani ya wakili aliyeuandaa. Tulipeleka nambari ya kesi masjala, tukaambiwa ni ya watu wengine kabisa wanaodaiana pesa za bidhaa.

Pesa zilizopotea zinauma, lakini kilichonifanya niandike ni muda. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi miaka mitatu kupeleka kesi ya kufutwa kazi. Ikipita, imepita, hata kama bosi alikukosea waziwazi. Kwa hiyo anayekuambia "tulia" mwezi baada ya mwezi anakumalizia haki yenyewe. Binamu yangu tumemuwahi.

Mama mmoja mwenye saluni kule Umoja hakuwahiwa. Yeye ni mpangaji wa biashara bila mkataba wa maandishi, na mpangaji wa aina hiyo analindwa na sheria: landilodi lazima ampe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, naye akipinga anajibu ndani ya mwezi mmoja na kupeleka malalamiko kwa Mahakama Maalum ya Kodi za Majengo ya Biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Jamaa huyu huyu alichukua pesa yake na kumwambia asijibu lolote, amwachie yeye. Hakuna kilichopelekwa. Tarehe ikafika, notisi ikawa na nguvu. Leo viti vyake na draya viko sebuleni kwa dadake, na wateja wake wameshahamia kwa mwingine.

Tafadhali, mtu akikwambia ni wakili, ingiza jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Usione haya, inachukua dakika chache na wakili wa kweli hatakasirika. Kuwinda wateja barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, hivyo anayekufuata getini tayari amekupa jibu. Barua ya kufutwa, hati za mshahara na kitambulisho, mpe nakala tu. Binamu yangu alitoa barua halisi na mpaka sasa hatujarudishiwa.

Kulalamika kwa afisa wa leba wa serikali hakulipishwi chochote. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, husaidia wasio na uwezo, na akina mama wanaweza pia kwenda FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake.

Ikiwa ulishamlipa, usimpigie kumtisha, atazima laini. Usifute meseji za M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp. Nenda nazo kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Yetu tunayo tayari. Kama ni huyu wa faili la kijani, niandikie nikuunganishe na binamu yangu na yule mama wa saluni, ili afisa anayeshughulikia awe na malalamiko yetu yote pamoja.