Nikon 200-500mm ndani ya Mabira na Budongo

Sifa nyingi za lenzi hii zimetoka Mabamba, kinamasi hapa Uganda, kwenye mafunjo, jua likiwaka na korongo mdomo-kiatu kasimama kwa saa nzima. Pale hata lenzi ya kubahatisha hutoa picha. Mimi natembeza wageni wa ndege katika misitu ya Mabira na Budongo, kwa hiyo naipima kwa mambo mengine: ndege mdogo, yuko chini karibu na ardhi, na juu yake mihogani imefunga anga.

Uganda jua hutoka karibu saa moja kasorobo mwaka mzima, lakini ndani ya msitu usitegemee mwanga wa maana kabla ya saa mbili. Ndege nao wana pilika zaidi saa hizo za giza. Hapo ndipo f/5.6, kipimo cha tundu la kupitisha mwanga (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), inapoanza kuwa na maana. Tundu la lenzi hii halifinyi unapovuta: f/5.6 kwenye 200, f/5.6 kwenye 500. Zile za 150-600 za bei yake huishia f/6.3, yaani theluthi moja ya hatua ya mwanga imepotea (hatua nzima ni mwanga mara mbili). Dukani utaona ni kidogo. Msituni, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ikiwa tayari 6400 na chengachenga za picha zimeanza kula manyoya ya kifua, utaitafuta hiyo theluthi.

Naitumia na kamera ya Nikon D500, ambayo kwa udogo wa sensa yake (kile kipokea picha cha ndani) huifanya 500 ionekane kama 750. Kwenye njia ya Royal Mile kule Budongo tuna mdiria kibete mwenye mdomo mwekundu, urefu wake sentimita kumi hivi. Hukaa kwenye kijiti, kimya, akingoja mdudu. Huyu ndiye ndege wa lenzi hii. VR yake, yaani kituliza mtikisiko, naiamini mpaka kasi ya 1/125 ya sekunde, na nikiegemea mti hata chini ya hapo, mradi nipige mfululizo wa picha kadhaa na kuchagua moja. Mdiria mwenye mgongo wa chokoleti naye ni hivyohivyo, ila yeye hukaa juu zaidi na shingo yako italipa.

Sasa shore wa msituni. Wako wengi, wote rangi ya kijani cha matope (wageni hubishana majina yao mpaka chakula cha mchana), na hakuna hata mmoja anayetulia. VR hutuliza mkono wako, haimtulizi ndege. Shore anataka 1/500 au zaidi, na kwa f/5.6 chini ya miti hiyo kasi haipo, labda ukubali picha iliyojaa chengachenga. Mzee mmoja mgeni wangu alikuwa na 500 ya f/4, mwanga mara mbili ya wangu, na picha zake za shore zilikuwa safi kuliko zangu. Lenzi yake ilipotoka iliuzwa zaidi ya dola 10,000. Hii ilitoka mwaka 2015 kwa dola 1,400 hivi. Kazi kwako.

Jambo ambalo wauzaji hawakwambii ni swichi ya fokasi ubavuni. Ina FULL, yaani umbali wote, na ina ile ya mita 6 hadi mbali kabisa. Watu hushauriana kuiweka kwenye mita 6 ili fokasi iwe na haraka. Uwandani sawa. Msituni kurumbiza anaweza kuruka mpaka mita tatu mbele yako, na lenzi itakataa kabisa kumwona. Mimi sitoki FULL. Lenzi hukubali fokasi kutoka mita 2.2, nafasi inayotosha kuhesabu kope za ndege, kama anazo.

Uzito ni kilo 2.3, bila kamera. Stendi ya mguu mmoja inatosha. Ya miguu mitatu utapigana nayo kwenye mizizi. Pete ya zumu ni ndefu kuzungusha, kiganja kimoja hakikutoi 200 hadi 500 kwa mkupuo, kwa hiyo mtafute ndege ukiwa kwenye 300, halafu vuta. Ukianza na 500 utaona majani tu. Pia ni ndefu mno ukiivuta na kuiwekea kikinga-jua. Afande mmoja kwenye kizuizi aliniuliza, "Madamu, hiyo ni bazuka?" Nikampa amtazame hondohondo aliyekuwa juu ya mti, tukapita.

Kama una hela ya Nikon 500 ya f/5.6 PF, lenzi nyepesi isiyo na zumu, inunue hiyo: mwanga ni uleule, lakini ina kilo moja na nusu tu na fokasi yake ina haraka. Kama huna, na hamu yako ni wadiria na bundi, hii itakutosha miaka mingi.

Ukinunua iliyotumika Kampala, nenda na tochi. Imulike kwa nyuma, tazama kwa mbele kama kuna nyuzi za ukungu kwenye vioo, maana unyevu wetu hauchagui lenzi. Ukiona hata uzi mmoja, usishushiwe bei, ondoka. Na kama kamera yako ni D200 au ya zamani zaidi, uliza kwanza: tundu la lenzi hii huendeshwa kwa umeme, na kamera hizo haziwezi kuliamuru.